Hakuna Mwingine

Tulikuwa tunafungasha. Ilikuwa saa nane za usiku, umande umeshalowesha kila kitambaa, na Mwenyekiti ameing'ata tochi nyekundu huku akikunja waya wa betri, kiganja hadi kiwiko, kiwiko hadi kiganja, kama afanyavyo siku zote. Akaitoa tochi mdomoni.

"Muhula wangu unaisha Desemba," akasema. "Fomu yako nimekuwekea."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hakuna mwingine, mwanangu." Akairudisha tochi mdomoni, akaendelea na waya wake.

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha watazama nyota. Ni kikundi cha ridhaa: hakuna anayelipwa, na wengi wetu hatujasomea falaki darasani hata siku moja. Tunapenda tu kukaa gizani na kutazama juu. Kwenye orodha tupo 43. Usiku wa kutazama tunafika kama 15. Ukifika wakati wa kurudisha vifaa kabatini tunabaki watano, na nadhani hesabu hiyo anaijua kila mtu aliyewahi kuimba kwaya au kucheza kwenye timu inayojitegemea. Mimi ni mmoja wa wale watano. Hiyo ndiyo sifa yangu ya uongozi, na nilivyoipima baadaye niliona ni sifa ya mpagazi.

Nikisema sikufurahi nitakuwa mwongo. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshatunga hotuba ya kukubali ushindi, na ilikuwa hotuba nzuri kwelikweli. Asubuhi sikukumbuka hata neno moja. Wahenga walishatuonya kuhusu mgema na sifa, ila hawakusema mgema ajizuie vipi usiku uleule anaosifiwa.

Jambo la pili lilijitokeza siku ya tatu, nalo si la kujisifia. Miaka miwili iliyopita kikundi chetu kilinunua darubini kubwa. Uamuzi ulifanywa na watu watatu, kwa simu, jioni moja. Kioo chake kina kipenyo cha sentimita 30 na sina la kukitoa kasoro. Sayari ya Mshtarii ndani yake ina mistari unayoweza kuihesabu. Tatizo ni uzito. Inataka watu wawili wenye migongo mizima, na gari lenye nafasi nyuma. Kwa hiyo inatoka kabatini mara nne kwa mwaka, na usiku mwingine wote tunatumia ile ya zamani ya sentimita 15, ambayo mguu wake mmoja unacheza na tumeufunga kwa kamba ya kiatu. Nililisema hilo mkutanoni. Nikajibiwa kwamba ajenda hiyo imeshapita. Tangu siku ile nina kinyongo, kidogo lakini nakitunza vizuri.

Basi nilipoanza kujiwazia kwenye kile kiti, picha ya kwanza iliyonijia ilikuwa ya mimi nikitangaza kwamba darubini kubwa itauzwa. Niliifurahia picha hiyo kwa siku mbili nzima. Halafu nikajiuliza: nikishaiuza, nitafanya nini tena? Muhula ni miaka miwili. Mwenyekiti mwenye kisasi kimoja anamaliza kazi yake wiki ya tatu, akabaki na miezi 23 ya kukaa tu kitini. Nikaona nisijibu kwanza.

*

Waswahili husema ukubwa ni jalala. Siku zote nilidhani ni maneno ya kumfariji mkubwa, mpaka pete za Zohali ziliponifundisha.

Kila baada ya miaka 15 hivi sayari ile hutugeuzia pete zake kwa ukingo. Pete zenyewe ni pana ajabu lakini ni nyembamba mno, kwa hiyo zikikaa ubavu hivyo zinapotea machoni. Ilitokea Machi 2025, na mwaka ule ulipokuwa ukielekea mwisho pete zilikuwa bado ni kama uzi uliopitishwa katikati ya tufe. Sisi tulikuwa na usiku wa wageni wakati huohuo. Tangazo letu lilikuwa na picha ya Zohali yenye pete pana, za kupendeza, zilizopigwa picha miaka mingi kabla.

Watu walipanga foleni. Wakachungulia. Kila aliyetoka kwenye darubini alikuwa na uso wa mtu aliyefungua zawadi akakuta kasha tupu. Baba mmoja aliuliza kama kifaa kimeharibika. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba ameitwa kwa ulaghai, na watoto wake wawili walikuwa wanalia, ingawa nadhani walikuwa wanalia usingizi. Wote walipelekwa kwa Mwenyekiti. Naye akasimama pale, mikono nyuma, akaomba radhi kwa mmoja mmoja. Akaomba radhi kwa niaba ya Zohali.

Hakumtaja aliyetengeneza tangazo. Aliyetengeneza ni mimi.

*

Niliona kabla ya kusema ndiyo au hapana, heri niione kazi yenyewe. Nikamwomba Mwenyekiti anionyeshe anachofanya. Nilitegemea atanieleza, badala yake alinipa daftari. Ni daftari la shule, la mistari, jalada limelainika kwa kubebwa mfukoni, na kalamu ya wino imefungwa kwenye waya wa uti wake. Nilikaa nalo siku nne.

Nakili chache, kama zilivyo:

"Ufunguo wa kabati — nani anao?"

"Betri ya pili haishiki chaji."

"Mlinzi wa uwanja aambiwe ni Jumamosi, si Ijumaa."

"Ada: 11 bado. Wasisemwe kwenye kundi, wapigiwe mmoja mmoja."

"Wale wawili wapatanishwe."

Hao "wale wawili" wametajwa kwenye kurasa sita. Nawajua, na wewe ungekuwa mwanachama ungewajua. Mmoja anaamini darubini inayojitafutia nyota yenyewe kwa kompyuta ni uvivu. Mwenzake ndiye aliyeinunua.

Nilichukua ukurasa wa mwezi mmoja nikauhesabu. Ulikuwa na mistari 31. Iliyohusu nyota ilikuwa miwili, na mmoja kati ya hiyo uliandikwa "mawingu". Iliyobaki yote ilihusu funguo, usafiri, pesa ndogondogo, na watu. Watu zaidi ya yote: nani amenuna, nani haonekani tena, nani amefiwa na hajatembelewa, nani ameanza kuleta rafiki anayevuta sigara karibu na lenzi.

Nikampigia simu nikamwuliza hayo yanamla saa ngapi kwa wiki.

"Sita," akasema. "Wiki ikiwa nzuri."

"Na kati ya haya, yapi yangeweza kufanywa na mwingine?"

Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekata. "Karibu yote," akasema hatimaye. "Ila kumwagiza mtu, halafu kumkumbusha, halafu kumshukuru… nikaona bora nifanye mwenyewe yaishe."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi kuliko jambo lolote lingine aliloniambia. Mzee huyu ni mwema, na wema wake ndio ulioivimbisha kazi. Kila mara alipoona kumwagiza mtu ni usumbufu, kipande kimoja cha kikundi kilihamia mfukoni mwake na hakikurudi. Miaka minane baadaye kiti kimekuwa kikubwa kiasi kwamba yeyote anayekitazama anaona hawezi kukijaza, ndipo tunasema hakuna mwingine.

*

Hapa nieleze kitu kuhusu macho, maana bila hicho hutaelewa nilichokuwa naogopa.

Ukitoka kwenye mwanga ukaingia gizani, mboni hutanuka mara moja. Lakini uwezo halisi wa kuona vitu hafifu unahitaji kemikali iliyo ndani ya jicho ijijenge upya, na kazi hiyo inachukua dakika 20 hadi 30. Ukimulikwa na mwanga mweupe, hata wa sekunde chache, unaanza upya. Ndiyo maana tochi zetu ni nyekundu na ndiyo maana anayewasha taa za gari bila kutahadharisha watu husemwa vibaya mpaka mwezi unaofuata.

Ninachokipenda mimi katika shughuli hii ni nyota badilifu. Hizi ni nyota ambazo mwangaza wake unapanda na kushuka. Maarufu kuliko zote kwangu ni Mira, katika kundinyota la Nyangumi. Mwanafalaki David Fabricius aliiona ikibadilika mwaka 1596, na hadi leo inapanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 332 hivi: kuna majuma inaonekana kwa macho matupu bila shida, kisha inafifia hadi usipokuwa na darubini utaapa haipo. Kuipima hakuhitaji mashine. Unatafuta nyota mbili jirani ambazo mwangaza wake unajulikana, moja inayong'aa kidogo kuizidi na moja hafifu kidogo, halafu unajiuliza: hii yangu imekaa wapi kati yao? Karibu na ile? Katikati? Robo ya njia? Unaandika makadirio, tarehe na saa. Basi. Nina madaftari ya miaka tisa ya namna hiyo, na mwanzoni mwa 2020, nyota ya Betelgeuse ilipofifia mpaka watu wasiojua hata jina lake wakaona kuwa kuna kitu hakiko sawa juu kule, mimi nilikuwa na safu yangu ya namba, wiki baada ya wiki, inateremka.

Sasa mtazame Mwenyekiti usiku wa kutazama. Simu yake inawaka. Mtu amepotea njia, mwingine anauliza kama kuna mawingu, mlinzi hajaambiwa, mtunza hazina anauliza risiti iko wapi. Kila ujumbe unamwangaza uso. Kila ujumbe unamrudisha dakika 20 nyuma. Nilipokaa nikawaza, nikagundua kwamba kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwona akitazama kitu hafifu. Anaonyesha wageni mwezi, anaonyesha Zohali, anaonyesha Kilimia, vitu ambavyo hata macho yaliyopigwa na mwanga yanaviona. Alikuja kwenye kikundi kwa ajili ya galaksi, aliwahi kuniambia. Nikamwuliza mara ya mwisho ameona galaksi lini. Akajibu kwa kuniuliza kama nimekumbuka kuzima betri.

Saa sita kwa wiki naweza kuzipata. Usiku wangu wa giza je?

*

Nilijifariji kidogo kwa kusoma kwamba tatizo letu wanalo hata wakubwa. Debian ni mradi wa programu huria za kompyuta ulioanza 1993, unaendeshwa na watu wa kujitolea walio duniani kote, na kila mwaka wanapiga kura kumchagua kiongozi. Mwaka 2019 muda wa kujitokeza uliisha bila mtu hata mmoja kujitokeza, ikabidi uongezwe wiki moja. Walipoongeza, wagombea wakapatikana. Watu walikuwepo muda wote ule. Walikuwa wanatazamana.

Kilichonivutia zaidi ni karatasi yao ya kura. Miongoni mwa majina huwa kuna mstari wa ziada unaosema, kwa maana, hakuna anayefaa kati ya hawa, na mgombea akishindwa na mstari huo hachukui kiti hata kama yuko peke yake. Kwetu mgombea akiwa mmoja tunasema "amepita bila kupingwa", tunapiga makofi, tunaenda kunywa kitu. Mwenyekiti wetu amepita bila kupingwa mara nne. Hajui, na hawezi kujua, kama tulimtaka au tulishukuru tu kwamba si sisi.

Nilitamani na mimi nipite hivyohivyo. Ningeepuka aibu ya kushindwa. Lakini siku ya kwanza kukitokea ugomvi na mtu akaniuliza nani aliyenichagua, ningemjibu nini? Tochi ya Mwenyekiti?

*

Kuna kitu nimekuwa nikikwepa kukiandika. Nimeshawahi kuendesha mkutano wa kikundi, mara moja, Mwenyekiti alipougua. Ajenda zilikuwa nne. Ya pili ilikuwa kama mwanachama anaruhusiwa kuazima darubini ndogo kwenda nayo nyumbani. Nilidhani ni ya dakika kumi.

Baada ya saa moja na nusu tulikuwa na mapendekezo matano mezani. Moja lilikuwa limerekebishwa mara mbili, na wa pili kulirekebisha alikuwa ndiye aliyelipinga mwanzo. Mtu akataka kura. Mwingine akauliza tunapigia kura pendekezo lipi. Sikujua. Nilisimama mbele ya watu 17 wanaonifahamu, kalamu mkononi, na nikasema neno ambalo kiongozi wa kikao hapaswi kulisema: "Jamani, nyie mnaonaje?" Akidi ikavunjika yenyewe, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa heshima, kama wanaoondoka msibani.

Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipokutana na habari za Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863, mjini New Bedford, aliombwa ghafla aendeshe mkutano, akakubali, na mambo yakamshinda. Aliaibika kiasi kwamba alianza kusoma kanuni za mikutano, na mwaka 1876 akachapisha kitabu cha kanuni ambacho hadi leo vyama visivyo na idadi vinakitumia. Miaka 13 ya kutafuna aibu moja. Sijafika huko, lakini nilijifunza angalau kwamba hoja moja hukaa mezani kwa wakati, na marekebisho hupigiwa kura kabla ya hoja yenyewe. Ningejua hayo mawili tu, darubini ndogo ingekuwa inazunguka majumbani leo.

Nilikuwa nimeihesabu siku ile kama ushahidi kwamba sifai. Sikuona kosa kwenye hesabu hiyo hadi rafiki yangu mmoja, aliyekuwepo mkutanoni, aliponiuliza: "Aliyekuwa anaendesha kabla yako alizaliwa anajua?"

*

Kisha nikafanya jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Nikachukua orodha ya wanachama, nikaanza kupiga simu. Sikuwa naomba kura. Nilikuwa na swali moja: umewahi kufikiria kugombea?

Simu tisa. Watatu walisema hapana, kwa sababu nzuri, na mmoja wao alikata kabla sijamaliza sentensi. Wawili walidhani nimetumwa. Mama mmoja wa makamo, ambaye kwa miaka saba amekuwa akija na kiti chake cha kukunja, anakaa pembeni, anatazama kwa darubini ya mkononi na kuondoka bila kelele, alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mimi nilijua nafasi hizo zina wenyewe."

Zina wenyewe! Robert Michels, msomi mzaliwa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1911 kwamba kila chama, hata kile kinachopigania usawa, mwishowe huangukia mikononi mwa wachache. Alikuwa anachunguza vyama vikubwa vya siasa. Sisi tuna kabati moja na betri mbili, tena moja haishiki chaji, na bado mtu amekaa nasi miaka saba akiamini kuna wenyewe. Wala hakuna aliyemdanganya. Alituona tu: watu walewale watano, tukinong'onezana karibu na gari.

Simu ya nane niliipiga kwa kijana tunayemwita Fundi Betri, kwa sababu ndiye hubeba betri na ndiye hujua ipi imekufa. Ana miaka kama 24 hivi. Mkutanoni hazungumzi.

"Nimewahi kufikiria, dada," akasema. "Nina na karatasi nimeandika."

"Karatasi ya nini?"

"Ya vitu ningebadilisha."

Akanisomea. Alitaka usiku wa kutazama uwe na zamu, kila mara mtu tofauti abebe simu ya kikundi, wengine wazime zao. Alitaka darubini kubwa ifungwe magurudumu. Magurudumu! Miaka miwili nimetunza kinyongo, na dawa ilikuwa magurudumu manne na ubao.

Nikamwuliza kwa nini hajachukua fomu. Akajibu kwamba hakuna aliyemwambia achukue.

*

Ungedhani hadithi imeishia hapo: mgombea amepatikana, mimi nirudi kwa Mira wangu. Hata mimi nilidhani hivyo, na nilihisi unafuu uliozidi kipimo, ule unaokufanya ujitilie shaka. Nikaanza kujitengenezea mahali pazuri pa kuegesha. Ningegombea ukatibu. Hoja nilikuwa nayo tayari: chama cha watazamaji wa nyota badilifu cha Marekani, AAVSO, kilichoanzishwa 1911, mwanzilishi wake William Tyler Olcott alikuwa mwanasheria, si mwanafalaki, na mchango wake mkubwa aliutoa akiwa katibu, akiandika barua kwa barua kuwatia moyo watazamaji na kukusanya makadirio yao. Nani anakumbuka mwenyekiti? Kazi ya kweli iko kwenye daftari. Mimi ni mtu wa madaftari. Nikampelekea hoja hiyo rafiki yangu yule wa mkutano.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Ya Olcott ni kweli," akasema. "Ila wewe unakimbilia ukatibu kwa sababu katibu hapigiwi kelele."

Nilikasirika siku nzima. Jioni nikakubali kuwa yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Olcott alikaa pale kwa sababu alitaka kile kilichopo pale. Mimi nilitaka kukaa mahali ambapo pete za Zohali zikipotea, wageni wataelekezwa kwa mwingine. Nilikuwa nataka kuendelea kutengeneza matangazo na kumwachia mtu mwingine radhi.

Na kulikuwa na jingine. Fundi Betri ana karatasi yake, lakini kwa "wale wawili" hana neno. Nilimwuliza, akasema hao wataondoka wenyewe wakichoka. Mimi siamini hivyo. Nimeona vikundi viwili vikifa, kimoja cha maigizo na kimoja cha sataranji, na vyote viliuawa na watu wawili walioachwa wachoke wenyewe. Hilo tunatofautiana kikweli, na kikundi kina haki ya kusikia pande zote mbili kabla ya kuchagua. Ikiwa mimi ningejitoa, naye angepita bila kupingwa, kama mzee alivyopita, asijue kama alitakiwa.

Nikakaa mezani na karatasi yangu mwenyewe. Sikuandika ahadi. Niliandika vitu ambavyo sitavifanya nikishinda. Usiku wa mwezi mchanga, mara moja kila mwezi, simu yangu itazimwa na nitakuwa na Mira. Atakayepotea njia atampigia mwenye zamu (wazo la Fundi Betri, na nimemwambia naliiba). Ufunguo wa kabati hautakaa kwangu. Ada sitafuatilia mimi, maana tuna mtunza hazina na ni mtu mzima. Muhula ni mmoja, na mwaka wa pili kazi yangu kubwa itakuwa kupiga simu kama zile tisa, mapema, asije mtu akaambiwa saa nane za usiku kwamba hakuna mwingine. Tuna neno zuri la Kiswahili kwa kuondoka namna hiyo, kung'atuka, lililotokana na Kizanaki na ambalo Mwalimu Nyerere alilieneza alipoachia urais mwaka 1985. Nimeliandika kwenye kona ya karatasi, pamoja na tarehe.

Nilipomsomea Mwenyekiti orodha hiyo alitikisa kichwa. "Ufunguo," akasema. "Watakuletea tu."

"Nitaukataa."

"Utaukataa mara mbili. Ya tatu itakuwa usiku, mvua inakuja, na mtu wa zamu hapokei simu." Halafu akanipa ile fomu. Alikuwa ameikunja mara nne ndani ya daftari, na ilikuwa na doa la kutu la kalamu.

*

Fomu yetu ni ukurasa mmoja. Jina, nafasi unayogombea, mwaka uliojiunga, sahihi. Chini kuna mahali pa mdhamini: mwanachama hai anayethibitisha kwamba anakufahamu na kwamba umelipa ada. Si lazima akuunge mkono. Nadhani hakuna aliyewahi kuusoma mstari huo kwa makini, kwa sababu kwa miaka minane fomu ilikuwa moja na mdhamini alikuwa yeyote aliyekuwa karibu.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na mawingu tangu magharibi. Tulifika wanne tu, tukakaa kwenye bodi ya gari la wazi tukisubiri yafunguke, na hayakufunguka. Fundi Betri alikuwa na fomu yake ndani ya bahasha ya plastiki, imenyooka, haina doa. Alinambia amezunguka kutafuta mdhamini akaogopa kuwaomba wale anaowajua, wasije wakadhani anawagawa watu.

"Lete," nikamwambia.

Nikasaini kwa mwanga wa tochi nyekundu, wino hauonekani vizuri, nikabonyeza kalamu mara mbili. Kisha nikatoa ya kwangu iliyokunjwa mara nne. Aliiweka juu ya betri, akainyoosha kwa kiganja, akasoma kila mstari hadi chini.

"Umejiunga mwaka gani?" akauliza. "Hapa hujaandika."